Chaza Watatu Waliofungwa Midomo

Kila asubuhi, kabla hata ya kunawa uso, Kidoti alikagua tangi la kioo pale sebuleni. Ndani yake, kwenye mchanga na maji ya chumvi, Baba alifuga chaza wa kula. Kazi ya Kidoti ilikuwa kuangalia mapovu ya pampu ya hewa na kujazia maji yaliyopungua. Alijazia maji yasiyo na chumvi, kwa sababu maji hupaa, lakini chumvi hubaki palepale.

Baba, fundi wa majokofu, hakupika chaza aliyeachama bila kumgonga kwa kijiko na kumwita: "Hodi!" Aliye hai alijifunga. Aliyebaki wazi alikuwa amekufa, na alitupwa.

"Kwa watu ukibisha hodi unafunguliwa," Baba alipenda kutania. "Kwa chaza, ukifungiwa mlango ndiyo karibu!"

Ijumaa, Kidoti aliporudi kutoka shule, aliyakuta maji yametulia tuli. Hapakuwa na povu hata moja. Asubuhi alikuwa amechomoa pampu ili apige pasi sare yake, akasahau kuirudisha!

Aliichomeka mbiombio. Chaza watatu walikuwa wameachama. Akawabishia hodi kwa ukucha, mara tatu, mara kumi. Hawakujifunga.

Angesema nini? Bibi alikuwa ametoka hospitali juzi tu, amebaki mifupa mitupu, na kitu pekee alichotamani ni supu ya chaza. Tena Baba alikuwa amemwambia, "Mwanangu, tangi nimekuachia wewe."

Kidoti alichukua gundi kali kwenye sanduku la vifaa, akawakausha wale watatu, akawabandika magamba na kuwafukia mchangani. Akajipa moyo: chaza asiyefunguka jikoni hutupwa, na hawa hawatafunguka.

Jumamosi mchana Baba aliwatoa chaza wote. "Wamejifunga barabara. Leo hata hodi haina kazi," alisema, akawamimina sufuriani.

Kidoti alisimama kando ya jiko. Mvuke ulipopanda, magamba yakaanza kufunguka, ta, ta, ta. Akahesabu yaliyobaki yamefungwa: matano, matatu, moja. Kisha hilo moja nalo likafunguka. Moto ulikuwa umeilegeza gundi! Sasa hata yeye hakuweza kuwatambua wale watatu.

"Mbona unanikodolea macho, mjukuu wangu?" Bibi aliuliza mezani. "Au unaogopa nitamaliza bakuli zima?"

Kijiko kikazama kwenye supu. Kikapanda. Kijiko kikafika kidevuni.

"Bibi, usile!" Alikidaka kijiko, supu ikamwagika mezani. "Wengine walikuwa wamekufa! Nilichomoa pampu, nikawabandika kwa gundi!"

Baba alibeba bakuli na sufuria, akaenda kumwaga kila kitu kwenye pipa la taka, kisha akarudi na kuketi.

"Daktari alisema tumbo likimwendesha Bibi tena, hatutakuwa naye," alisema kwa sauti ya chini. "Kusahau pampu ni kosa, hata mimi ningeweza kusahau. Lakini chaza aliyekufa hujisema mwenyewe: huacha mlango wazi ili tusimle. Wewe ukamfunga mdomo."

Kidoti alilia kwa kwikwi. "Niliogopa, Baba."

"Ungeniambia jana, hofu yako ingekwisha jana, tukapoteza chaza watatu tu. Umeilaza, ikaamka imekuwa kubwa, nusura imchukue Bibi yako. Ukikosea, sema siku hiyohiyo."

Bibi aliokota kijiko chake, akakifuta, akamgonga Kidoti polepole kwenye paji la uso.

"Hodi!"

Kidoti alimtazama, machozi yakimtiririka.

"Wewe ni mtu, si chaza," Bibi alisema. "Ukibishiwa hodi, fungua."

"Karibu, Bibi," Kidoti akanong'ona.