Punje Nyeupe Kwenye Blanketi

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Gita aliokota punje. Baba yake, Bwana Haridas, alikuwa na duka la mchele na nafaka mjini Nyeri, na familia iliishi nyuma ya duka. Kwa Baba, punje iliyoanguka haikutupwa. Ilitiwa kwenye mkebe wa chakula cha ndege. Basi Gita alipoona punje nyeupe kwenye blanketi lake, aliziokota bila kuzitazama, akazitia mkebeni, kisha akala mkate kwa mkono uleule. Alifanya hivyo siku tatu mfululizo. Ukumbuke mkono huo.

Siku hizo alikuwa akilala na Tosti, paka mdogo aliyepewa na rafiki yake Watiri aliyeishi Gatitu. Baba alikuwa amekubali paka wa pili kwa masharti: kwanza adungwe chanjo, kisha akae stoo peke yake wiki mbili na bakuli lake, mbali na Moti, paka mzee aliyelinda magunia yao kwa miaka tisa.

"Amedungwa?" Baba aliuliza siku Tosti alipoletwa.

"Ndiyo, Papa. Hata wiki mbili amezimaliza huko kwao."

Uongo mtupu! Watiri alikuwa amesema tu, "Huyu ako sawa. Ati sindano? Ya nini, na anakula panya?"

Siku ya nne, Gita aliokota punje nyingine. Punje ikajinyoosha, ikajikunja, ikaanza kutambaa kiganjani mwake. Alipiga mayowe, akaitupa. Nyingine ilikuwa imenata kwenye manyoya chini ya mkia wa Tosti. Akaukumbuka ule mkate wa siku tatu, na chakula chote cha jana kikamtoka palepale sakafuni.

Alikimbilia jikoni kunawa. Huko alimkuta Moti amelala kando ya bakuli alilokuwa akila pamoja na Tosti. Macho yake yalikuwa yamegandamana kwa usaha, na makamasi ya kijani yalimziba pua. Alipumua kwa mdomo, kwa shida.

Baba aliwapeleka paka wote wawili kwa Daktari Wamucii, daktari wa mifugo. Gita alifuata nyuma.

"Huyu mdogo alidungwa chanjo gani?" Daktari aliuliza. "Nikijua, nitajua pa kuanzia na huyu mzee."

"Alidungwa huko Gatitu," Baba alijibu.

Gita alimtazama Moti akihangaika kuvuta pumzi. "Hakudungwa," akasema, machozi yakimtiririka. "Nilidanganya, Papa. Nilitaka alale na mimi."

Baba alimgeuzia mgongo, akamfuta Moti usaha machoni. Heri angefoka.

"Basi haya ni mafua ya paka. Moti ameyapata kwa mgeni wake, anayeyabeba bila kuonyesha dalili," Daktari alisema. "Na punje zako, msichana, ni vipande vya mnyoo. Paka, hata mtu, huupata kwa kumeza kiroboto, si kwa kugusa punje." Aliyapanua manyoya ya Tosti, na viroboto wakakimbia huku na huku. Gita alianza kujikuna shingo. "Mshukuru kwamba Moti alichanjwa mwaka jana. Bila hiyo, pengine mngemleta akiwa amekufa."

Jioni hiyo Gita alichemsha blanketi, akamwaga motoni vyote vilivyokuwa mkebeni, akasugua sakafu na kunawa mikono mpaka ngozi ikakunjamana. Tosti alipewa dawa ya minyoo na viroboto, akafungiwa stoo. Siku tano baadaye Moti alilamba mchuzi kidogo. Wiki mbili zilipokwisha, paka wote wakiwa wazima, Tosti alidungwa chanjo, na Baba akaitundika kadi yake ukutani karibu na mizani.

"Mnyoo umekufa kwa dawa, Gita," Baba alisema. "Lakini uongo wako ndio uliompa mgonjwa kitanda na bakuli, na ulikaribia kumuua Moti. Mnyama akija hapa, daktari amwone kwanza. Na mimi niambiwe ukweli, hata kama hautanipendeza."

"Ndiyo, Papa."

Mchana huo kulikuwa na wali. Gita aliitazama sahani yake kwa muda mrefu, punje baada ya punje, mpaka alipohakikisha kwamba hakuna inayotambaa.