Majina Mia Tatu kwa Mkupuo

Jumatatu tarehe tisa Machi, saa mbili na dakika tano asubuhi, Sellah Nabwile alifungua orodha ya wakulima katika ofisi ya Bungoma, na orodha ikajifuta mbele ya macho yake. Dakika tatu baadaye simu ililia makao makuu, Kitale, mezani kwa Levi Nyongesa.

"Levi, huku kumeharibika. Nimefungua tu, majina yakaanza kupungua, yakapungua, saa hii ni nyeupe. Chwele, Kabuchai, Malakisi, wote wameenda."

"Si ni hiyo mashine yenu imeganda?"

"Ingeganda ningeshukuru. Tangu Januari meneja wa huku atoe memory ya hii mashine apeleke kwa yake, ikipita majina mia tatu inalala. Leo ati imekimbia mpaka mwisho bana!"

Majina yenyewe yalikuwa elfu moja mia nane na sita. Lori la mbegu za mahindi la Ushirika wa Mlimani lilitarajiwa Bungoma kesho yake saa moja asubuhi, na asiye kwenye orodha hapewi mfuko. Mvua ilikuwa imeshanyesha mara mbili. Levi alikimbilia nakala za akiba akakuta kwamba tangu mwaka 2019 mfumo ulikuwa ukihifadhi, kila siku bila kukosa, faili tupu.

Akafungua historia ya mabadiliko. Humo kila anayegusa msimbo, maandishi yanayoendesha mfumo, huacha jina na saa. Badiliko la mwisho lilikuwa la Jumamosi, saa nane na dakika arobaini mchana: amri fupi iliyofichwa ndani ya ukurasa wa orodha, ikisubiri Jumatatu mtu wa kwanza aufungue ili ifute kila kitu. Jina lililoachwa ni la Ciru Kimotho.

Tusifichane: Levi alifurahi. Wivu ulikuwa umemkaa kooni tangu Novemba, pale Mzee Eliakim, aliyeuandika mfumo huo mstari kwa mstari, alipostaafu akarudi kwao Malakisi. Levi aliomba kazi hiyo. Sellah wa Bungoma naye aliomba. Akapewa Ciru, msichana wa miaka ishirini na sita, na pamoja na kazi akapewa kile kiti cha Mzee chenye mto wa kufumwa. Kila asubuhi Levi alipita hapo akautazama ule mto, na chai ikamshinda.

Bwana Wahome, meneja mkuu, hakuketi hata.

"Nataka ripoti saa kumi kamili. Kama ni yeye, leo anabeba vitu vyake. Hicho kiti utakalia wewe."

Saa tatu kasoro dakika tano Levi alikuwa ameshaandika aya mbili. "Aliyehusika ni Ciru Kimotho," aliandika, akaihifadhi kwenye folda ya ripoti kama ilivyo desturi ya ofisi. Kisha, kwa ajili ya utaratibu tu, akamwita mtuhumiwa.

"Jumamosi saa nane ulikuwa wapi?"

"Ruracio ya cousin yangu, mahari ikiletwa, hapo Kiminini. Nilikuwa nabeba masufuria."

"Simu ulikuwa nayo?"

"Nilikuwa nayo." Macho yake yalikuwa mekundu. "Levi, najua inakaa vibaya. Lakini nifute watu wangu mwenyewe kwa nini?"

"Password yako nani anaijua?"

"Hakuna." Akafikiri. "Ijumaa nilienda Bungoma kuwaonyesha ukurasa mpya. Nilitumia mashine yao. Ikaganda nikiwa ndani, nikazima screen nikaenda."

"Hukutoka kwenye mfumo?"

"Ningetokaje na imeganda?"

Levi alirudi kwenye meza yake akiwa na hasira, maana jibu hilo lilikuwa zuri. Akaanza kuusoma msimbo, kazi ambayo watu wa ofisi ile waliikwepa kama foleni ya kitambulisho. Katika urithi wa Mzee Eliakim kila kitu kilirithi kutoka kwa kitu kingine: Mkulima alirithi sifa zake kutoka kwa Mwanachama, na Ng'ombe, kwa kuwa siku hiyo Mzee alikuwa na haraka, naye alirithi kutoka kwa Mwanachama. Kwa hiyo kila ng'ombe aliyechanjwa Trans-Nzoia alikuwa na nafasi ya nambari ya simu na haki ya kupiga kura kwenye mkutano mkuu. Juu ya mstari mmoja Mzee alikuwa ameacha onyo: "Usiguse hapa. Niligusa 2014."

Amri ya Jumamosi ilikuwa na mistari kumi na tisa. Levi aliisoma mara ya kwanza akitafuta kosa la Ciru. Mara ya pili akafungua kazi za zamani za Ciru, akazilinganisha.

Ciru alikuwa mtoto wa kisasa. Katika msimbo wake kila kitu kilitangulizwa kwa *let* au *const*, maneno mapya ambayo programu za zamani haziyasomi, na hakuwahi kuandika *var* ya zamani hata kwa bahati mbaya. Ndiyo maana mara tatu tangu Januari kurasa zake zilikuwa zimegeuka nyeupe Bungoma, ambako kompyuta bado zilitumia kivinjari, programu ya kufungulia kurasa, ambacho waliokitengeneza walishakizika. Mistari hii kumi na tisa ilikuwa *var* juu mpaka chini. Na Bungoma haikuwa imegeuka nyeupe tu. Ilikuwa imetekeleza amri mpaka jina la mwisho.

Yeyote aliyeiandika alikuwa amekijali kile kivinjari kikongwe. Na Levi alimjua mtu mmoja aliyekijali hivyo.

Saa tano na robo alikuwa Malakisi, pickup ya ofisi imeegeshwa kando ya banda la tumbaku. Mzee Eliakim alivaa miwani akasoma ile mistari iliyochapwa kwenye karatasi polepole, midomo ikicheza.

"Kijana wangu, hii ni kazi safi. Mwandiko ni wangu."

"Ni wewe, Mzee?"

"Mimi?" Akacheka, kisha akaona Levi hacheki. "Password yangu mliifunga Novemba. Na ngoja, hapa sierewi. Kwa nini anafuta majina mia tatu, anapumzika, harafu mia tatu tena? Mimi ningefuta yote mara moja. Mashine za Bungoma nilizoacha zilikuwa zinabeba elfu mbili bila shida."

Levi aliichukua karatasi akautazama mstari wa saba. Ile memory ya mashine ilitolewa Januari, Mzee akiwa ameshaondoka. Ciru aliiona ikiganda Ijumaa, lakini kipimo chenyewe hakukijua. Mtu mmoja alikuwa amekitaja asubuhi hiyo hiyo, kwa simu, bila kuulizwa.

"Ulifundisha nani kuandika hivi, Mzee?"

Mzee alivua miwani akaipangusa kwa muda mrefu. "Mtu mmoja tu," akasema. "Na alikuwa mzuri kuniriko."

Saa nane na nusu Levi aliingia ofisi ya Bungoma. Sellah alimvutia kiti.

"Umekuja kuangaria mashine?"

"Nimekuja kuuliza kitu. Jumamosi ulikuwa hapa?"

"Kidogo. Kufagia."

"Na screen ulipoiwasha mashine ilikuwa imeamka, Ciru bado yuko ndani."

Levi akaweka karatasi mezani, kidole kwenye mstari wa saba.

"Mia tatu, pumzika. Mia tatu, pumzika. Kitale hakuna anayejua hiyo mia tatu, dada. Mzee mwenyewe haijui. Ungeandika kama Ciru, bila kujali, nisingekujua. Lakini uliijaribu kwanza."

"Siwezi andika kitu inaganda," Sellah akasema, na sauti ilikuwa ya mtu aliyetukanwa. "Miaka tisa, Levi! Kila kitu ikipasuka huku ni mimi nashona. Huyo msichana ananiharibia mara tatu, nikimpigia ananiambia, 'Si mbadilishe brauza?' Nibadilishe na nini? Mashine inakataa! Harafu Mzee wangu, mtu ametoka mikononi mwake ni mimi, anampatia yeye kiti." Akafuta macho kwa ncha ya leso. "Nilitaka wamfukuze. Akishaondoka ningesema nimepata nakala. Wangejua nani anashikilia hii nyumba."

"Nakala iko wapi?"

Akafungua mkoba akatoa flash iliyofungwa kwenye karatasi. "Yote iko hapo. Siwezi nyima watu wa kwetu mbegu." Kisha akamtazama machoni. "Wewe pia uliomba hiyo kazi. Niambie asubuhi hukufurahi."

Levi alitaka kusema hapana.

"Nilifurahi," akasema.

Saa tisa na dakika ishirini majina elfu moja mia nane na sita yalirudi mahali pake, mia tatu kwa mkupuo. Saa kumi kasoro dakika tano ripoti ilifika Kitale ikiwa na jina la Sellah, saa zote na mstari wa saba. Levi aliongeza kwamba mfumo wa Bungoma ulisimama miaka tisa kwa mikono ya mwanamke huyo, na kwamba hakuna aliyewahi kumwambia asante. Bwana Wahome alijibu kwa neno moja: "Sawa." Sellah alikuwa tayari anapanga vitu vyake kwenye katoni, vikombe kwanza.

Levi alikuwa akielekea kwenye pickup simu ilipolia. Ni Ciru.

"Nimesoma ripoti. Asante, Levi. Kwa kweli."

"Nilifanya kazi tu."

"Nimeifungua kwenye folda. Unajua hiyo folda inaweka matoleo yote, na saa yake. Nimesoma ya saa kumi kasoro. Nimesoma na ya saa tatu kasoro, yenye jina langu."

Levi alisimama na funguo mkononi.

"Hukuwa umeniuliza hata swali moja," Ciru akasema, kisha akakata simu.