Mwanamke Aliyenipisha Njia

Jua lilikuwa linazama nilipoingia Ndola, na nilichokuwa nikitafuta ni mahali pa kulala pasipo gharama.

Nisiseme uongo. Mimi ni bahili. Lori la mizigo lilinitoa Mbeya, likavuka Tunduma, siku nne juu ya magunia, na nilikula ndizi za kuchemsha alizonifungia mke wangu Sekela mpaka zikachacha. Waliozoea safari za huko waliniambia, "Gideoni, tafuta mtu akuongoze, mji ule utakumeza." Nikawacheka. Mtu mzima, mzee wa kanisa, mwenye shamba la kahawa linalojulikana Tukuyu nzima, nishikwe mkono?

Mji ukanionyesha. Baiskeli zinatoka kazini zote kwa wakati mmoja, kengele zinalia, malori, moshi, watu wanaitana kwa lugha nisiyoijua. Niliuliza njia kwa Kiswahili, nikajibiwa kwa Kibemba, kwa heshima nyingi, nisielewe hata neno. Mkononi nilikuwa na bahasha yenye namba ya nyumba. Lakini nyumba za wafanyakazi zilipangwa mistari kwa mistari, zote sawa, na namba nyingi zilikuwa zimefutika.

Nilimfuata mwanangu Asukile, mtoto wangu wa pekee. Ulikuwa mwaka wa tatu tangu aende migodini, na miezi minane hatujapata barua. Aliandika kwamba anataka kuoa huko huko. Nikamjibu kwa hasira. Tangu hapo kimya. Sasa nilikuja kumrudisha nyumbani, basi.

Ndipo nikamwona yule mwanamke.

Alikuwa anakuja mbele yangu, msichana tu, amevaa nguo ya bluu. Aliponiona akasimama. Akavuta nguo ikamfunika kichwa mpaka kifuani. Akashuka barabarani, akaingia mtaroni, akanipa mgongo... akangoja nipite.

Sisi Wanyakyusa tunalijua jambo hilo. Mke wa mwanao hakutazami, nawe humtazami. Mkikutana njiani anashuka, anajifunika, anageuka mpaka upite. Hataji jina lako, nawe huingii nyumbani mwake. Ndiyo heshima yake kwako. Nikawaza, binti huyu amenifananisha na baba wa mumewe. Nilifurahi mno. Mtu wa kwetu!

Nikamsalimu kwa Kinyakyusa.

Hakugeuka.

Nikasikia harufu ya udongo. Udongo mbichi, uliochimbuliwa muda si mrefu. Nikadhani ni mtaro. Nikaenda zangu, nikalala kwenye kibaraza cha duka, mfuko wangu chini ya kichwa.

Kesho yake, saa sita mchana, nilikuwa nimepotea sokoni. Nilikwisha kupita mara tatu kwenye lundo lile lile la kabichi. Nikainua macho, yule pale. Nguo ya bluu. Akajifunika, akageuka, akainama.

"Binti," nikamwambia, "mimi si mkweo. Nionyeshe njia tu."

Muuza nyanya alinitazama. Alikuwa na Kiswahili kidogo.

"Mzee... unaongea na nani?"

Nikageuka kumwonyesha. Hapakuwa na mtu. Ila harufu ilikuwepo, katikati ya samaki wakavu na nyanya zilizooza, ile ile ya udongo.

Hapo mtu mwenye akili angerudi kwenye lori. Mimi nikamfuata. Nilimwona tena mwisho wa soko, ameinama pembeni. Nilipofika hayupo. Nikamwona kwenye njia panda, ameinama upande wa kushoto. Nikashika kushoto. Nikamwona kwenye bomba la maji, kisha kwenye kona ya kilabu cha pombe. Kila nilipopotea alikuwa amekwisha kutangulia, amenipa mgongo, amenipisha.

Mwisho akaingia kwenye nyumba moja. Nikatazama namba mlangoni. Nikatazama bahasha yangu.

Ilikuwa ndiyo.

Nikabaki nje. Mwanamke amejifunika, yumo ndani, na nyumba ni ya mwanangu. Ningeingiaje?

"Kamwene, baba," mtu akanisalimu. Alikuwa jirani, Tadeo, Mhehe kutoka Kilolo. Sura yangu, ile ile ya mwanangu, ilikuwa imenitaja. "Wewe ni baba yake Asukile. Ingia, yumo, anaumwa."

"Mkewe ameingia sasa hivi. Atoke kwanza."

Tadeo akaacha kutabasamu.

"Mkewe alikufa, baba. Chilufya alikufa na mimba yake, mvua za kwanza."

Nikautazama tena mlango ule.

"Alikuwa akijifunza desturi zenu," akanong'ona. "Jioni Asukile anapita barabarani, anajifanya ndiye wewe. Yeye anajifunika, anashuka mtaroni. Tulimcheka! Akasema, siku baba akija asinione mjinga."

"Mbona hawakuja nyumbani?"

Tadeo akatazama chini. "Si uliandika, baba."

Niliandika, ndiyo. Nayakumbuka maneno yangu, kwa sababu niliyaona mazuri wakati ule. *Ukimwoa huyo mwanamke, nisimwone kwa macho yangu.* Nikaweka sahihi, na chini yake nikaandika mzee wa kanisa.

Asukile alitoka akishika ukuta. Mifupa mitupu. Akanitazama, kisha akatazama nyuma yake ndani ya nyumba, akasogea kidogo mlangoni, jinsi unavyompisha mtu apite.

Tulirudi kwa lori. Abiria walibanana juu ya magunia, lakini kando ya Asukile palibaki nafasi ya mtu mmoja mpaka Mbeya. Hakuna aliyeambiwa asikae pale. Hawakukaa tu.

Nyumbani nikamjengea nyumba karibu na migomba. Daktari wa misheni alimpima, hakuona ugonjwa. Asukile hali chakula. Anakonda. Na mimi kila jioni, nikitoka kwenye kahawa, nilikuwa namkuta mkewe njiani. Anashuka, anajifunika, anainama. Majani ya migomba yanatikisika pasipo upepo... na ile harufu.

Nikamweleza Sekela. Hakushangaa, alikuwa ameisikia harufu.

"Baba Asukile, wewe ndiye uliyemfunga," akasema taratibu. "Mtoto wa watu anatii barua yako mpaka leo. Hawezi kuingia, hawezi kuondoka, na mwanao anamngoja. Mwambie ageuke. Mtazame usoni, umwite mwanangu, aende zake kwa amani."

"Na desturi?"

"Desturi uliikumbuka lini, ulipoandika barua?"

Nilikubali. Jumapili ya Pasaka, jioni, nikaenda njiani. Alikuwepo. Nikavua kofia.

"Mwanangu," nikasema. "Nimekosa. Geuka nikuone."

Mgongo ukanyooka. Polepole akageuka. Mkono ukatoka ndani ya nguo, umejaa udongo kwenye kucha, ukaanza kuinua kitambaa...

Nikakimbia.

Mimi, mzee wa kanisa, nilikimbia mpaka kiatu kikabaki njiani. Nilimuogopa, na niliona aibu, na hofu ikashinda.

Tangu siku hiyo hashuki tena njiani. Nilimwambia ageuke, naye ameshageuka. Anakuja katikati ya njia, ananielekea, kitambaa kinapanda kidogo kila jioni. Wiki iliyopita niliona kidevu. Jana niliona mdomo. Ulikuwa unachezacheza, unaniita baba, na kila ulipofunguka udongo ulimwagika.

Ni uso mmoja tu wa kutazama. Asukile sasa hawezi kuinuka kitandani. Leo asubuhi alinishika mkono akaniuliza, "Baba, umemwona?"

Nikamwambia, "Kesho, mwanangu."

Nimemwambia hivyo kila siku tangu Pasaka. Kisha jioni inafika, namwona anakuja kati ya migomba, nguo ya bluu, hatua za mtu asiye na haraka. Nami navua koti langu, najifunika kichwa mpaka kifuani, nashuka mtaroni, nampa mgongo. Nainama.

Nangoja apite.

Hapiti. Anasimama nyuma yangu.