Tanuri la Kerege

"Usipige risasi," Dija alinong'ona huku akimpa vitumbua. "Hata moja."

Bwanausi alisonya.

Bastola yake, Webley, ilikuwa kiunoni, chini ya shuka, imejaa risasi. Keller, mfanyamagendo wa silaha, alikuwa amempa mgongo. Shabaha ya bure kabisa.

"Mkuu anasema Mzungu akiuawa, kwao watapata kisingizio cha kuleta manowari."

"Na akimaliza kazi leo?"

"Hilo hakusema."

Hakusema! Mkuu yuko Unguja anakunywa kahawa, jasusi wake yuko porini Kerege anachochea moto wa adui.

Keller alikuwa na mzinga. Risasi za mzinga huo zilikamatwa forodhani, ndipo akajenga tanuri ayeyushe chuma na kuzisubu mwenyewe. Zikipatikana, angeupiga mji wa Bagamoyo mpaka apewe forodha. Nyuma ya forodha hiyo alilala mama yake Dija, mgonjwa asiyebebeka. Dija, mke wa Bwanausi, alikwisha apa kwamba hamwachi.

Bwanausi alikwisha toboa mivukuto ya kupulizia tanuri, watu wa Keller wakaitia viraka. Akaimwagia maji koki, yale makaa magumu ya Ulaya, wakaianika. Alichoka.

Sasa rundo la koki lilikuwa limepungua. Akakumbuka miaka yake kwenye kiwanda cha kusubu chuma, Bombei.

Makaa yakiungua chini ya tanuri hutoa hewa ukaa. Hewa hiyo ikipanda huyala makaa ya juu, na kila inapoyala hunyonya joto. Koki huliwa polepole. Mkaa wa mikoko una vitundu tele, huliwa upesi, na joto lote huishia humo.

"Bwana mkubwa, koki haitoshi. Nichanganye mkaa wa mikoko?"

"Unawaka?"

"Upesi kuliko hii koki yako."

Keller alikuwa na haraka. "Tia."

Bwanausi alitia makapu kwa makapu. Juu ya tanuri ukapanda moto wa buluu, mrefu, mzuri wa kutazama. Ilikuwa ni hewa iliyokwisha kunyonya joto, inaungulia nje bure.

Keller alicheka. "Umeuona moto huo?"

"Nimeuona."

"Basi zibua."

Bwanausi akazibua tundu la chini. Chuma kilitoka kizito, kikajikokota kidogo kuelekea kwenye kalibu ya kufinyangia risasi, kikasimama. Keller akachomeka nondo ndani. Nondo nayo ikaganda.

"Ongeza koki!"

"Imekwisha."

Keller aliivuta ile nondo kwa mikono miwili mpaka akaanguka chali. Chuma chake chote kilikuwa kimeshikana na matofali, kipande kimoja.

Bwanausi akaweka koleo chini.

"Unakwenda wapi wewe?"

"Kumtazama mama mkwe."

Njiani Dija, aliyekuwa akimngoja, alimtazama kiunoni. "Umepiga?"

"Sikupiga. Mkono unaniwasha mpaka sasa."

"Pole," Dija alisema, akikaza mwendo. "Tuwahi, mama hajala."