Chumvi Kwenye Jicho la Kamera

Kila Jumamosi asubuhi, akishamaliza kufua sare zake za shule na kuzianika, Kidoti alikwenda studio kwa mama yake mdogo. Walimwita Kidoti kwa sababu ya alama nyeusi iliyokaa juu kidogo ya mdomo wake, kama mtu aliyelamba wino akasahau kujifuta. Studio yenyewe ilikuwa chumba kimoja tu, kati ya duka la vitambaa na kibanda cha kinyozi. Ndani mlikuwa na kiti cha mbao kisicho na mgongo, pazia la buluu ukutani, mwavuli mweupe wa kutuliza mwanga wa taa, na kioo kirefu chenye chanuo lililofungwa kwa uzi ili wateja wasiondoke nalo. Wapo walioondoka na chanuo pamoja na uzi wake.

Kazi ya Kidoti ilikuwa kuwaambia wateja wainue kidevu, wafunge kifungo cha shati na wasicheke, maana picha ya pasipoti haitaki meno. Wengine wakishaambiwa wasicheke, ndipo kicheko kinapowapanda. Hapo Mama Mdogo husubiri, kamera mkononi, mpaka mtu acheke yaishe.

Mama Mdogo alikuwa amepiga picha za nyuso za watu na harusi zao kwa miaka mingi. Lakini moyo wake ulikuwa baharini. Kila alipopata nafasi alikwenda pwani kupiga picha za mawingu mazito na mawimbi yaliyokasirika. Picha hizo alizibandika nyuma ya mlango. Kwa kuwa mlango ulikuwa wazi siku nzima, hakuna mteja aliyeziona.

Siku moja daktari mkuu wa hospitali mpya ya mji alikuja kupiga picha ya pasipoti. Upepo ukausukuma mlango ukajifunga, naye akaziona. Alisimama mbele ya picha hizo mpaka akasahau kilichomleta. Akasema ukumbi wa hospitali ambako wagonjwa hungojea una kuta tupu, na kwamba watu wamechoka kutazama mabango ya vijidudu. Alitaka picha tatu, kila moja kubwa kama mlango: bahari iliyochafuka, lakini yenye mwanga unaopenya mawinguni, ili anayengoja ajue kwamba hali mbaya hupita. Alikwisha kuzungumza na studio kubwa iliyoko sokoni, yenye mitambo na wafanyakazi. Hata hivyo angempa Mama Mdogo nafasi ya kwanza. Jumatatu akiwa hana picha, kazi ingekwenda sokoni.

Tangu aondoke daktari, Mama Mdogo hakukaa chini. Hakuna mtu aliyewahi kumwomba picha ya bahari. Akiweza hii, wangemjua kwa kazi aipendayo. Akishindwa, angerudi kwenye pazia lake la buluu, na picha zake zingebaki nyuma ya mlango.

Redio ikatangaza upepo mkali pwani siku ya Jumamosi. Mjomba, kaka yake Mama Mdogo, alikuwa na gari la kusambazia mikate, na akakubali kuwapeleka akishamaliza kugawa mikate ya asubuhi. Kidoti naye aliomba kwenda. Aliomba kwa mama yake, akaomba kwa Mama Mdogo, akaomba kwa Mjomba, mpaka Mjomba akasema afadhali wamchukue, maana akiachwa ataomba hata kwa kinyozi.

Njiani, gari likinukia mikate, Mama Mdogo alimpa Kidoti kazi yake. Akamwonyesha lenzi, lile jicho la kioo lililo mbele ya kamera. Alimweleza kwamba dhoruba hurusha maji ya chumvi, na maji hayo yakikauka kwenye kioo huacha chembe. Katika mfuko wa vifaa, ambao Kidoti angeubeba, mlikuwa na vitu vitatu: kimpira cha kupuliza upepo, kitambaa cha kuloweka kwa maji ya bomba yaliyokuwa kwenye chupa, na kitambaa kikavu.

"Kwanza unapuliza," alisema Mama Mdogo. "Kisha kitambaa cha maji. Kikavu ni mwisho kabisa. Ukianza na kikavu, chumvi na mchanga vinageuka msasa, na hapo umenimaliza."

Kidoti aliitikia kabla maneno hayajaisha. Mama Mdogo akamtaka arudie, naye akarudia yote bila kukosea, kwa sauti ya mtoto anayesoma shairi mbele ya wageni.

Walisimama kwanza mahali ambapo barabara inapita juu ya miamba. Bahari ilikuwa na rangi ya maji yaliyooshewa masufuria. Mawimbi yalikuja marefu, yakapanda miamba, yakavunjika na kurudi yakiburuta kokoto kwa kelele. Mjomba alisema bahari leo imeamka na la kwake, mtu asiisalimie. Wakateremka kwa tahadhari, wakiwa wamevaa makoti ya mvua, Mama Mdogo akasimamisha kamera juu ya miguu yake mitatu.

Kidoti aliona mfuko wa vifaa ni mzito na mteremko unateleza, akauacha garini. Alijiambia atarudi kuuchukua ukihitajika.

Ukahitajika upesi. Wimbi moja lilipiga mwamba na kuwanyunyizia wote, na kioo cha kamera kikajaa matone. Mama Mdogo alitaka kusogea mbele kutafuta pembe nzuri zaidi, huku Mjomba amemshika koti kwa nyuma kama anayezuia mbuzi. Akamwambia Kidoti asafishe.

Kidoti aliangalia juu. Gari lilikuwa mbali kidogo, na mvua ilikuwa inapigwa na upepo ikija usoni. Akafungua koti, akashika pindo la blauzi yake. Ilikuwa ya pamba, laini, kavu. Akafuta. Alisikia kisauti chembamba, kama sukari inayosagwa na kijiko chini ya kikombe. Akafuta tena, taratibu. Alipotoa mkono aliona mistari mitatu myembamba katikati ya kioo, kama kwamba paka amepita na makucha yake.

Mama Mdogo alirudi akihema, akauliza kama amesafisha.

"Ndiyo," alisema Kidoti.

Jibu hilo halikuwa uongo, lakini halikuwa ukweli wote. Aliogopa kwamba ameiua lenzi ya mtu asiyekuwa na nyingine. Akajipa matumaini kwamba labda mistari ile haitaonekana. Safari hii alipanda kuleta mfuko mwenyewe, bila kutumwa, na kila chumvi iliyoruka baadaye aliisafisha kwa kufuata utaratibu wote. Lakini mistari ilibaki pale pale.

Kutoka hapo walikwenda kwenye gati la zamani la mawe. Mama Mdogo alipiga picha asubuhi nzima akiimba kwa pua, akimwambia Mjomba atazame lile wingu, atazame lile povu. Kila kamera ilipolia, Kidoti alihisi kama inamlilia yeye. Mara kadhaa alifungua mdomo. Mara hizo zote upepo ulikuwa unavuma sana, au Mama Mdogo alikuwa amefurahi sana. Mtu asiyetaka kusema hakosi sababu.

Mvua ilipozidi waliingia garini kula mkate. Hapo ndipo Mama Mdogo alipotazama picha kwenye kioo kidogo cha nyuma ya kamera. Alitazama ya kwanza, ya pili, akaikuza moja kwa kidole. Akaacha kutafuna. Kila mahali mwanga ulipopenya mawingu, picha ilikuwa na utando mweupe, na ndani ya utando michirizi iliyotawanyika kama nywele. Mjomba aliinama kutazama.

"Ni ukungu," alisema Mama Mdogo. "Umeota ndani ya lenzi. Fundi aliniambia lenzi kuukuu haikai pwani, inaota ndani kama mkate uliosahauliwa. Nikajifanya sisikii. Kosa langu mwenyewe."

Akafunga kamera. Hakulia, lakini alikunja kile kitambaa cha kufutia mara nyingi kuliko kinavyohitaji kukunjwa. Akamwambia Mjomba ageuze gari. Akasema bora ampigie daktari sasa hivi, awape watu wa sokoni mapema, kuliko kumngojesha bure. Akatoa simu.

Kidoti alikuwa nyuma, kati ya makreti ya mikate. Alielewa kwamba hakuna mtu atakayejua. Ukungu ungebeba lawama zote, na ukungu hauna mdomo wa kujitetea. Lakini Mama Mdogo alikuwa amejibebesha kosa lisilo lake, na sasa alikuwa anatafuta jina la daktari kwenye simu.

"Mama Mdogo, usipige," alisema. "Siyo ukungu. Ni mimi."

Akaeleza yote: mfuko alioacha garini, pindo la blauzi, kile kisauti cha sukari. Alisema haraka, bila kupumua, maana alijua akipumzika katikati hatamaliza.

Mama Mdogo alimgeukia. "Tangu kule miambani?"

"Tangu kule miambani."

"Na hapa gatini, muda wote huu, ukanitazama napiga."

Kidoti akainamisha kichwa. Mjomba alijikohoza, akasema kwa upole kwamba njia ya mwongo ni fupi, ila huyu ameshuka kabla haijaisha. Mama Mdogo aliipeleka lenzi dirishani, akaiinamisha huku na huku, akapitisha ukucha kwenye ukingo wake. Kisha akashusha pumzi ndefu.

"Makucha yako hayakufika ndani," alisema. "Hiki ni kioo cha kinga. Kinafungwa mbele kwa kuzungushwa, ili kipigwe chenyewe badala ya lenzi. Sikufikiri hata kukitazama, mawazo yangu yote yalikuwa kwenye ukungu."

Akajaribu kukifungua. Chumvi ilikuwa imekigandisha, hakikusogea. Mjomba naye akajaribu kwa mikono yake ya kubeba makreti, wapi. Mama Mdogo akamwambia avue kandambili. Mjomba alishangaa, lakini alivua, akaisuuza kwa maji ya chupa na kuikausha kwa shati lake. Mama Mdogo akaulaza uso wa kioo kwenye mpira wa ile kandambili, akakandamiza, akazungusha. Kikalia kidogo, kikaachia. Mjomba akasema kandambili yake imekanyaga soko zima bila kupata shukrani, na leo imekuwa fundi wa kamera.

Nje, upande wa bahari, wingu lilikuwa linaanza kupasuka.

Wakatoka mbio na mwavuli wa mvua uliokuwa garini. Sasa lenzi ilikuwa wazi, haina kinga, na maji ya chumvi yalikuwa bado yanaruka. Mjomba alinyoosha mkono kuchukua kimpira cha kupuliza. Mama Mdogo akamzuia, akamkabidhi Kidoti.

"Huyu ameshasikia msasa unavyolia," alisema. "Wewe shika mwavuli."

Kidoti alipuliza, akapangusa kwa kitambaa cha maji, akakausha, akarudi nyuma. Wimbi likaja, kamera ikalia. Akapuliza tena, akapangusa, akakausha. Maji yaliingia shingoni mwake na vidole vikawa vya baridi, lakini hakuruka hatua hata moja, hata pale Mjomba alipopiga kelele kwamba mwavuli unataka kumrusha. Ghafla jua lilipata upenyo, mwanga ukashuka juu ya gati, na wimbi kubwa kuliko yote likapiga mawe na kusimama juu, jeupe, linang'aa. Mama Mdogo alipiga, akapiga, akapiga. Kisha wingu likajifunga, na bahari ikarudi kwenye rangi yake ya masufuria.

Walipotazama picha, mwanga ulikuwa safi. Mama Mdogo alimvuta Kidoti karibu, akamwambia amekasirika, na huenda akaamka kesho bado amekasirika, lakini amefurahi pia, na vyote viwili vinaweza kukaa katika moyo mmoja. Jioni ile Kidoti alisafisha chumvi kwenye miguu ya kamera, makoti na mwavuli, peke yake, na hakulalamika.

Picha zilipotundikwa hospitalini, Mama Mdogo alikwenda naye. Watu waliokaa kwenye mabenchi walikuwa wameinua nyuso. Bibi mmoja alimsogelea mwenzake na kumwonyesha kwa kidole pale mwanga unapoingia. Daktari mkuu aliwapa mikono wote wawili, akasema anataka picha nyingine kwa ajili ya wodi ya watoto, kisha akauliza ilikuwaje wakaipata picha kama ile. Mama Mdogo alimtazama Kidoti, akamwachia yeye jibu. Basi Kidoti akaeleza mwenyewe, tangu mfuko mpaka kandambili, bila kupunguza.

Daktari alicheka aliposikia habari ya kandambili. Halafu akachuchumaa, macho yao yakalingana.

"Kila siku nawaona watu wa namna hiyo humu ndani," alisema. "Mtu anajikwaruza, anaficha. Akija siku ile ile, namsafisha kwa maji na dawa, anarudi nyumbani. Akija baada ya mwezi, namkuta na kidonda. Mkwaruzo ni ule ule uliokuwa mwanzo, mwanangu. Kilichoukuza ni kule kukaa nao kimya. Wewe ulichelewa, ukapoteza asubuhi nzima ya mama yako mdogo. Lakini ulisema wakati dawa ingali inafaa. Ikitokea tena, sema papo hapo."