Hadi Bidhaa Zitakapoisha

Kila siku saa kumi na mbili asubuhi Crisanta alivuka uchochoro kwenda kwenye duka la Manang Luding. Hakwenda kununua kitu. Alikwenda kuchukua dawa ya mume wake.

Mume wake, Wenceslao, ana ugonjwa wa kisukari. Anachomwa sindano ya insulini asubuhi na jioni. Dawa hiyo inataka ubaridi, na mtaa wetu wa La Paz, hapa mjini Iloilo, hauna ubaridi hata mwezi wa Desemba. Crisanta hakuwa na friji. Kwa hiyo vichupa vya dawa vilikaa kwenye friji ya Manang Luding, nyuma ya soda na vile vipakiti vya barafu ya maziwa wanavyovipenda watoto.

Manang Luding, yaani dada mkubwa Luding kama tunavyomwita, ni mama wa makamo, mwenye mdomo na mwenye huruma. Siku nyingi mdomo hutangulia, hata kwa Crisanta, anayemwita Inday, yaani binti.

"Funga mlango upesi, Inday! Barafu zangu zinayeyuka. Umeme wa humu mumeo halipi."

"Samahani, Manang."

"Samahani haigandishi barafu."

Wateja walicheka. Crisanta naye alicheka, lakini moyoni aliona aibu. Kwetu mtu akimtegemea jirani kila siku, hasemi kitu. Anatabasamu, anashukuru, na anatafuta njia ya kujitoa.

Siku moja sokoni alipewa karatasi ya tangazo. Ilikuwa na picha ya friji ndogo nyeupe. Juu yake palikuwa na maandishi makubwa mekundu: NUSU BEI! JUMAMOSI! Tangazo lilikuwa la duka kubwa la vyombo vya umeme, lile la karibu na soko. Crisanta alikuwa na akiba yake ya kuuza ndizi za kukaanga. Kwa bei kamili isingetosha. Kwa nusu bei ilitosha.

Ijumaa jioni alikwenda dukani kwa Manang Luding na kuchukua vichupa vyote.

"Kuanzia kesho sitakusumbua tena, Manang," alisema mbele za watu. "Nanunua friji yangu."

"Haya. Hongera," alisema Manang Luding. Safari hii hakutania.

Hapo ndipo Crisanta alipokosea. Simcheki, maana wengi wetu tungefanya hivyo hivyo. Aliondoka kwa jirani kabla friji haijaingia nyumbani kwake.

Jumamosi saa kumi na moja alfajiri alikuta watu kama arobaini mbele ya duka. Saa kumi na mbili ikakaribia, wakati wa sindano. Akafanya kama tunavyofanya kwenye foleni zetu zote. Alivua ndala yake moja, akaiweka chini kushika nafasi, na nyingine akaishika mkononi. Zilikuwapo ndala nyingi pale, na mawe, na mwavuli mmoja. Akakimbia peku nyumbani kumchoma mumewe sindano.

Aliporudi, ndala zote zilikuwa zimefagiliwa kando ya mtaro.

"Ndala yangu ilikuwa hapa!" alimwambia mlinzi.

"Basi muulize ndala yako imenunua nini," alijibu mlinzi.

Alisimama upya, mwisho wa foleni. Mlango ulifunguliwa saa nne. Saa nne na robo friji ndogo zilikuwa zimekwisha. Kijana muuzaji, mwenye sare safi na meno meupe, alimshika mkono.

"Mama, pole sana. Lakini tazama hii hapa, kubwa zaidi, bei yake ya kawaida."

"Hiyo siiwezi."

"Basi njoo Jumamosi ijayo. Mzigo mwingine unakuja."

Crisanta alirudi nyumbani. Wenceslao alimsikiliza, kisha akasema, "Rudisha dawa kwa Manang mpaka hiyo Jumamosi."

"Baada ya maneno niliyomwambia mbele za watu? Siwezi."

Alinunua boksi la povu, lile la kuwekea samaki. Alijaza barafu na kuvichomeka vichupa katikati ya barafu. Aliona ni vizuri. Dawa inataka ubaridi, na pale palikuwa na baridi kweli kweli. Asubuhi alikuta vichupa vimeganda. Alivishika kiganjani mpaka vikayeyuka. Dawa ilikuwa inaonekana vile vile. Akamchoma mumewe.

Jumamosi ya pili alikwenda mapema zaidi, na hakuthubutu kuacha ndala. Alikuwa mtu wa saba. Alipoingia, yule kijana alitikisa kichwa.

"Zimekwisha, mama."

"Zimekwisha vipi? Mimi ni wa saba! Mbona sikumwona mtu akitoka na friji?"

"Ndiyo hivyo, mama. Tangazo zuri lina watu. Njoo Jumamosi ijayo, usichoke."

Wiki hiyo Wenceslao alikunywa maji kama mtu aliyetoka jangwani, na bado akalalamika kiu. Alikuwa na kidonda kidogo kwenye mguu wa kushoto, alipojigonga kwenye pikipiki yake ya abiria. Kidonda kikaanza kunuka. Crisanta alimwambia apumzike. Aliamini dawa inafanya kazi, maana alikuwa anamchoma kila siku bila kukosa.

Jumamosi ya tatu alikuwa kwenye foleni, mtu wa nne, akijipa moyo kwamba leo ndiyo leo. Saa tatu akamwona jirani yake Marivic anakuja mbio barabarani.

"Crisanta! Wences ameanguka! Haamki!"

Aliacha foleni. Wenceslao alilazwa wiki mbili. Muuguzi alipouliza dawa ilikuwa inakaa wapi, Crisanta alieleza habari ya boksi na barafu. Muuguzi aliweka kalamu chini.

"Insulini ikiganda inaharibika, dada. Hata ikiyeyuka, haifai tena. Usiiguseshe na barafu kabisa."

"Kwa hiyo wiki mbili nilikuwa namchoma nini?"

Muuguzi alimshika bega, akaenda kwa mgonjwa mwingine.

Walimkata Wenceslao vidole viwili vya mguu wa kushoto. Mguu huo ndio wa kubadilishia gia. Pikipiki ilibaki uani imefunikwa turubai, na Crisanta hakutaka kuitazama.

Siku ya pili baada ya Wenceslao kurudi nyumbani, Marivic aliwaletea uji wa wali na kuku. Aliweka bakuli, akaona ile karatasi ya tangazo ukutani, bado imebandikwa. Marivic aliwahi kuuza vyombo vya umeme madukani miaka minane, mpaka magoti yakamshinda. Aliibandua, akaisogeza dirishani.

"Ulisoma haya ya chini?"

"Yapi?"

"Haya, madogo kama kinyesi cha nzi. 'Hadi bidhaa zitakapoisha.' Uliwauliza ziko ngapi?"

"Mtu anauliza hivyo?"

"Hatuulizi, na wao wanajua hatuulizi. Sikiliza, Crisanta. Mimi nilikuwa nasimama pale ndani. Tangazo mji mzima, friji tatu. Moja imeshachukuliwa na shemeji wa meneja kabla mlango haujafunguliwa. Nyingine ya maonyesho, haiuzwi. Wanachotaka ni wewe uingie. Ukishaingia, kazi yangu ni kukushika mkono nikupeleke kwenye ile ya bei kamili."

"Na wewe ulifanya hivyo?"

"Nilifanya. Nilikuwa na watoto wa kulisha."

Crisanta alimtazama kwa hasira. Kisha akauliza polepole, "Na ile Jumamosi ijayo?"

"Niliisema mara nyingi mno. Mara nyingi hapakuwa na mzigo wowote unaokuja."

Crisanta alijifunika uso kwa kanga, akalia. Wenceslao alikuwa kitandani, amegeukia ukuta. Alisikia yote.

"Usilie kwanza," alisema Marivic. "Siku nyingine, kabla hujapanga foleni, uliza ziko ngapi. Aliyekujibu muulize jina lake. Akikataa kusema idadi, nenda zako nyumbani. Akikwambia urudi wiki ijayo, mwambie akuandikie kwenye karatasi. Utaona kalamu inavyopotea."

"Siku nyingine ya nini? Wameshanimaliza."

"Hawajakumaliza. Unaona namba hii pembeni? Ni namba ya kibali. Duka haliwezi kutangaza ofa hivi hivi, linaomba kibali ofisi ya biashara ya serikali. Bila karatasi hii ungekuwa na maneno matupu. Karatasi unayo. Tutakwenda nayo."

Akainuka, akatazama huku na huku. "Na dawa mpya iko wapi sasa hivi?"

Crisanta alionyesha mtungi wa maji pembeni. Kichupa kilikuwa kimefungwa kitambaa, kimeegeshwa kwenye unyevu wa mtungi.

"Rudisha kwa Manang Luding. Leo."

"Siwezi, Marivic. Nitauweka wapi uso wangu?"

"Uso uweke popote. Dawa iweke kwenye friji."

Walikwenda pamoja. Manang Luding alikuwa anapanga sabuni. Alimwona Crisanta mlangoni na kile kichupa mkononi, akaiacha sabuni.

"Nani alikwambia uondoke?" alisema. "Mdomo wangu mimi ndio huu, Inday, umeuzoea miaka yote! Ulikuwa unakaa na barafu ya samaki, hatua kumi kutoka hapa, na mimi nipo!"

"Niliona haya, Manang."

"Na mimi nilikukasirikia. Nikasema acha aringe na friji yake." Alijifuta macho kwa mkono wenye vumbi la sabuni. "Mungu anisamehe. Lete hapa."

Kesho yake Marivic na Crisanta walipeleka karatasi ofisi ya biashara. Karani, mama mmoja mwenye miwani, alisoma namba ya kibali, akaandika malalamiko yote, tarehe kwa tarehe. Baada ya siku kumi na mbili meneja wa duka aliitwa. Waliketi meza moja.

"Tuliandika wazi," alisema meneja. "Hadi bidhaa zitakapoisha. Zikaisha. Kosa letu liko wapi?"

"Zilikuwa ngapi?" aliuliza karani.

Meneja alifungua jalada lake, akalifunga. "Tatu."

"Na Jumamosi ya pili?"

"Hiyo... hatukupokea mzigo."

"Na ya tatu?"

"Hatukupokea. Pengine kijana alikosea kusema."

Crisanta alikuwa amejiandaa kupiga kelele. Tangu asubuhi alikuwa anayapanga maneno makali. Lakini yalipofika mdomoni yalikuwa machache.

"Jumamosi ya tatu mume wangu alianguka," alisema. "Mimi nilikuwa mlangoni kwenu, nangoja friji ambayo haikuwepo."

Meneja aliinamisha kichwa. Labda alikuwa mtu mzuri, sijui. Alisema duka litampa Crisanta friji kwa bei ile ile ya tangazo, hata kesho.

"Hela ya friji imeliwa na hospitali," alisema Crisanta. "Sina cha kununulia. Nataka kitu kingine. Andikeni idadi mlangoni. Kubwa, kama mlivyoandika ile bei."

Karani alimtazama meneja. Meneja alikubali, na karani akaandika, na wote wakatia sahihi.

Kwa hiyo mpaka leo Crisanta hana friji. Kila asubuhi anavuka uchochoro. Manang Luding bado anapiga kelele kuhusu mlango na barafu, ila siku hizi anauliza pia, "Ameamkaje?" Sukari ya Wenceslao imeshuka, na kidonda kimefunga. Ameanza kusimama akishika ukuta. Vidole haviwezi kurudi, na hilo nyumbani hawalizungumzi.

Mwezi uliofuata kikao kile, duka lilitangaza ofa tena. Jumamosi hiyo, saa moja kasoro, Crisanta alikuwa ameshamchoma mumewe sindano. Akapitia dukani. Foleni ilikuwa ndefu hata kufika kwa wauza samaki. Kwenye kioo cha mlango palikuwa na karatasi nyeupe: FRIJI NDOGO, 4. Watu walikuwa wanaitazama bila kuisoma. Macho yao yalikuwa kwenye bei.

Crisanta alianza mbele, akawa anahesabu kwa kidole kichwa kwa kichwa. Mama mmoja aliyevaa nguo ya kulalia chini ya sweta alimkata jicho.

"Wewe, usituchomekee! Panga mstari kama wenzako."

"Sinunui. Nahesabu tu. Soma pale mlangoni, dada. Ziko nne. Wewe ni wa kumi na tisa."

Yule mama alijinyoosha, akasoma. Akasonya. "Labda wa mbele watachoka."

"Hawatachoka. Nyumbani umemwacha nani?"

"Mama yangu. Haamki mwenyewe, lazima ainuliwe." Alitazama tena ile karatasi, kisha akatazama chini. "Nilimwambia narudi saa tano."

"Rudi sasa hivi," alisema Crisanta.

Yule mama alitoka kwenye mstari huku akiwatukana wenye duka. Aliondoka kwa hatua za haraka, na kabla hajafika kwenye kona alikuwa anakimbia.