Paji la Mading

Ilianza na harufu ya tope la mto, mchana wa jua kali, ndani ya chumba kilichofagiliwa. Adhieu peke yake aliinusa, na pua yake yenyewe ilikuwa bado kwenye bandeji.

Pua ya kwanza ilitafunwa na mbwa pale Gumbo. Ya pili aliitengeneza Daktari Virginia, Mkenya wa mkono mwepesi. Alichuna ngozi ya paji, akaigeuza ikaning'inia kama mkonga, akaifunika juu ya gegedu iliyotolewa ubavuni. Mzizi wake, ulioshikana bado na paji, usikatwe kwa wiki tatu, ngozi izoee damu ya makao yake mapya. Akamwonya pia: kwa miezi kadhaa akiguswa pua, atahisi ameguswa paji.

Ambalo Virginia hakuambiwa, na mtaa mzima ulijua, ni kwamba paji lile lilikuwa na mwenyewe. Adhieu aliolewa kwa jina la Mading, aliyezama mtoni pale Rejaf bila kuacha mtoto. Ng'ombe walitolewa kwa jina lake, wazee wakampaka bibi harusi majivu pajini, wakamkabidhi kwa marehemu. Alier, mdogo wa marehemu, aliishi naye kwa niaba tu, ili watoto waitwe wa marehemu. Kwa niaba, haya. Lakini wale wawili walipendana mpaka wakasahau kuna mume.

Harufu ile, majirani walisema ni jini la mto. Shangazi Achol hakusema jini. Aliuliza kwa sauti ya chini, "Mliomba ruhusa?"

"Tulisaini karatasi ya hospitali, shangazi," Alier akajibu.

"Ya mwenye paji, mwanangu. Mwambieni kabla hamjakata mzizi, la sivyo atakuja kushika kilicho chake."

Alier alicheka. Hawakumwambia marehemu.

Siku ya ishirini na moja mzizi ukakatwa, na harufu ikakoma palepale. Wakasema khalas, yamekwisha. Adhieu alikaa na kioo siku nzima.

Alasiri moja alikuwa uani, amefumba macho. "Alier, wacha kunipapasa paji," akasema, kwa deko.

Alier alikuwa mlangoni, amekumbatia gunia la makaa kwa mikono miwili, na kutoka pale aliona ncha ya ile pua ikibonyea taratibu kama unga uliokandwa, ikiinuka, ikibonyea tena, na kila ikiinuka inaacha alama ya kidole cha tope bichi, na ile harufu, ambayo hakuwahi kuinusa hata siku moja, sasa ikamjaa puani.

Adhieu alitabasamu, macho bado yamefumbwa.

"Mbona mkono wako umelowa?"